Anaitwa Daktari na Bado Hajawa: Binti wa Usa River na Swali la Kina Mama wa King'ori

Usa River nzima wanamwita daktari. Shangazi zake wanamwita daktari, mwenye duka la dawa jirani na kwao anamwita daktari, hata vijana wa bodaboda kijiweni wakimwona wanapaza sauti, "Daktari, twende!" Tatizo ni moja tu: binti mwenyewe bado si daktari, na kwa hesabu ya haraka amebakiza miaka isiyopungua minane.

Jina lake libaki kwake. Ni mtoto wa Meru, kasoma huku huku mpaka kidato cha sita, mchepuo wa PCB, halafu akapata ufadhili wa kwenda chuo Marekani. Hapo ndipo ndugu walipochanganyikiwa. Kwa mfumo wa Tanzania, PCB yako ikikaa vizuri unaingia moja kwa moja kusomea udaktari: miaka mitano ya masomo, mmoja wa mazoezi kazini, umemaliza. Marekani hawaendi hivyo. Kule unasoma kwanza shahada ya kawaida ya miaka minne, unabeba masomo yote ya sayansi yanayotakiwa, unafanya mtihani mgumu unaoitwa MCAT, unaomba nafasi, na ukibahatika ndiyo unaanza miaka mingine minne ya udaktari wenyewe. Baada ya hapo kuna mafunzo ya ubingwa, miaka mitatu au zaidi. Aliye kwenye ile minne ya mwanzo ni mtu anayejiandaa tu. Hana mgonjwa, hana mamlaka, hata dawa ya kichwa hawezi kukuandikia.

Sasa nenda ukalieleze hilo kwenye kikao cha ukoo. Walimsikiliza, wakatikisa kichwa, wakamaliza kwa kumletea mkono wa babu apimwe presha.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu hawakulijua. Vyuo vya udaktari vya Marekani vina ushindani mkali, na alama nzuri peke yake hazitoshi. Wanataka kuona umejitolea, umekaa karibu na wagonjwa, umefanya utafiti. Kwa hiyo mwaka 2024, akiwa mwaka wa tatu, binti aliomba hela chuoni kwake na akapata wiki tisa za kurudi nyumbani, Julai na Agosti, kuchunguza kwa nini wanawake wa Meru hawaendi kupima saratani ya mlango wa kizazi. Aliipenda mada kwa moyo wote. Pia aliihitaji kwa ajili ya fomu zake. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yalikuja kumsumbua.

Mada yenyewe si ya mchezo. Hii ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka nchini, na vifo zaidi ya 6,500. Kinachouma ni kwamba ni saratani inayotoa muda. Karibu kila mara inatokana na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana, na kwa mwanamke mwenye kinga nzuri kinaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani kamili. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila dawa, ni miaka 5 hadi 10. Katika muda wote huo kuna mlango wa kuizuia.

Na kipimo chake hakihitaji mashine kubwa. Muuguzi anapaka asidi ya asetiki iliyopunguzwa makali, ndugu yake siki ya kwenye kachumbari, anasubiri kama dakika moja, anaangalia. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ikionekana mapema inagandishwa kwa baridi kali au inachomwa kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na mama anarudi nyumbani kwake. Kwa mabinti kuna chanjo: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Kipimo kipo, chanjo ipo. Sasa mbona vitanda vya kupimia vinakaa vitupu? Hilo ndilo swali alilokuja nalo.

Kwanza vibali. Utafiti wa afya Tanzania haufanyiki kwa kujisikia tu. Kuna kibali cha maadili cha NIMR, kuna COSTECH kwa sababu chuo ni cha nje, kuna barua ya mkoa, barua ya halmashauri ya Meru, muhuri wa mtendaji wa kata, wa mtendaji wa kijiji, na mwisho mwenyekiti wa kitongoji ambaye shida yake ni kujua wewe ni mtoto wa nani. Alikuwa na msimamizi wa huku, daktari wa magonjwa ya wanawake, na akatembea na muuguzi mstaafu aliyezalisha nusu ya wanakijiji. Peke yake asingefika hata kwenye geti la kwanza.

Ila kilichomfungulia milango kuliko barua zote ni meno yake. Maji ya chemchemi nyingi za kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kuliko kile kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto anayekua akiyanywa meno yake yanaota na rangi ya kahawia. Kule chuoni wenzake waliwahi kumshauri akayang'arishe. Huku alipocheka tu, kina mama wakamtazama mdomoni, wakatazamana, mmoja akasema, "Huyu ni wa kwetu, mpeni stuli akae."

Dodoso lake lilikuwa kwenye kishikwambi. Umewahi kusikia kuhusu saratani ya mlango wa kizazi? Wote wamesikia, redioni na kwenye matangazo ya kanisani. Unajua kuna kipimo? Wanajua. Umewahi kupima? Hapo kanga zinarekebishwa mabegani, macho yanakwenda kwenye migomba. Kwa nini hukupima? Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: sijui pa kwenda, ni mbali, ni gharama, naogopa. La tano lilikuwa "mengine", lenye nafasi ndogo ya kuandika.

Usiku, akiwa amejifunika blanketi mbili kwa baridi ile ya Julai, alikuwa anasoma hiyo nafasi ndogo. Mume anauliza, ukapanuliwe ili iweje kama huumwi? Muuguzi wa pale naimba naye kwaya moja, Jumapili nitamtazamaje? Nilienda mara moja, nikaambiwa vifaa vimeisha, njoo wiki ijayo, na nauli ya wiki ijayo ndiyo hela ya sukari. Nani atamkatia ng'ombe majani? Mmoja alitoa jibu ambalo halitoki kichwani kirahisi: "Ukipima utakuta. Usipopima, hakuna."

Yaani walichokosa haikuwa elimu. Dodoso lote lilikuwa limejengwa kana kwamba mama anaamua peke yake asubuhi moja kwenda hospitali. Kumbe safari hiyo ina watu wengi ndani yake: mume, mama mkwe, jirani, ng'ombe, mtu wa bodaboda.

Kisha likaja swali lililobadilisha wiki zake tisa. Ilikuwa King'ori, kwenye kikundi cha VICOBA, siku ya kuweka hisa. Binti alikuwa anasoma fomu ya ridhaa kama inavyotakiwa: ushiriki ni wa hiari, unaweza kuacha wakati wowote, huenda usipate faida ya moja kwa moja. Bibi mmoja wa miaka 80 hivi, aliyekuwa amekaa pembeni akipukuchua maharage, akamkatiza.

"Mjukuu wangu, hapo rudia. Sisi hatupati faida?"

"Huenda msipate ya moja kwa moja, bibi."

"Basi faida ni ya nani?"

Angeweza kusema ni ya sayansi. Ni ya vizazi vijavyo. Maneno yalikuwepo, hata kwenye fomu yalikuwemo. Akasema, "Kwa sasa ni yangu, bibi. Inanisaidia kuomba chuo cha udaktari."

Kina mama wakacheka mpaka mweka hazina akapoteza hesabu. Bibi hakucheka. Akauliza tena, "Na haya maneno yetu unayapeleka wapi?" Marekani. "Yatarudi?" Walikuja wengine zamani, bibi akasema, wakauliza, wakapima, wakaondoka na gari lao. Majibu mpaka leo.

Halafu akamweleza kitu ambacho kila mtoto wa Meru amewahi kukisikia lakini huwa hakisikii vizuri. Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu wa kufuga ng'ombe. Nyumba zilichomwa, watu wakaambiwa wahamie King'ori. Bibi alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Wameru wakachanga hela, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri na mwanasheria Earle Seaton hadi New York kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama huko. Ardhi haikurudishwa pale pale. Lakini, bibi akasisitiza, Kirilo alirudi. Aliwakusanya watu akawaeleza alichosema, alichojibiwa, nani aliwaunga mkono na nani aliwakataa.

"Yule alibeba maneno yetu akayarudisha. Wewe je?"

Binti aliondoka pale na fomu zilizosainiwa na tumbo limemkaza. Mwaka 1951 alikuwa anaujua kwa habari nyingine, ya darasani. Oktoba mwaka huo, mjini Baltimore, mama mweusi wa watoto watano aitwaye Henrietta Lacks alifariki kwa saratani hii hii ya mlango wa kizazi, akiwa na miaka 31. Madaktari walichukua kipande cha uvimbe wake bila kumuuliza. Seli zake zikawa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaliana maabara bila kikomo, zikatumika kwenye majaribio ya chanjo ya polio, na ndani yake ikaja kukutwa HPV aina ya 18. Mjerumani aliyethibitisha uhusiano wa kirusi hicho na saratani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Familia ya Henrietta ilikuja kujua habari za seli hizo miaka ya 1970, zaidi ya miaka ishirini baada ya mazishi.

Wiki iliyofuata aliwasimulia kina mama wa VICOBA habari hiyo. Kimya kilikuwa kikubwa. "Kwa hiyo na yeye walimchukulia kitu hawakurudi kumwambia," bibi akasema, kama mtu anayesikia habari za jirani.

Katika siku hizo hizo ndipo mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, muuza ndizi wa soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, alipomaliza dodoso, akasubiri kishikwambi kifungwe, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nina jambo." Kwa miezi kadhaa alikuwa anatoka damu kila baada ya tendo la ndoa. Mume alishaanza kumwangalia vibaya. Hakuwa amemwambia mtu.

Huyo ndiyo binti anayeitwa daktari, amesimama kwenye shamba la migomba, anaijua dalili kwenye kitabu na haruhusiwi kusema zaidi ya neno moja: nenda. Akamwita muuguzi mstaafu, wakaandika barua ya rufaa kama utaratibu unavyotaka. Kwenye karatasi, kazi ya mtafiti iliishia hapo.

Siku saba baadaye alipita kwa yule mama. Barua ilikuwa ndani ya Biblia, imekunjwa vizuri, haijaenda popote. Mahindi yalikuwa shambani, na mume alikuwa hajaambiwa.

Binti hakujua pa kuanzia. Muuguzi alijua. Hakwenda kwa mume, alikwenda kwa dada mkubwa wa mume, wifi anayeogopwa na ukoo mzima. Wifi alisikiliza, akafunga kilemba, akaingia kwa mdogo wake. "Mkeo anatoka damu na wewe unakaa unamnunia? Kwani anaomba ruhusa ya kwenda disko?" VICOBA wakatoa nauli kwenye mfuko wa jamii, ule wa misiba na maradhi. Mama akaenda na wifi yake na wanakikundi wawili. Kwa aibu, mume naye akafuata na bodaboda.

Hayo yote yanakula siku. Profesa wake wa Marekani aliandika kwa upole kwamba idadi ya madodoso bado ni ndogo, na kwamba ikibaki hivyo kazi haitakuwa na nguvu ya kuwasilishwa kwenye mkutano mkubwa. Zilibaki siku kumi. Akikimbia nyumba kwa nyumba angefikisha idadi. Akirudi vijijini kutoa mrejesho, asingefikisha. Mtu anayeomba udaktari Marekani anajua maana ya kwenda bila kazi iliyowasilishwa, wakati wenzake wanazo mbili tatu.

Alirudi vijijini. Madodoso yalipungua thelathini na kitu, na yamebaki hivyo.

Mrejesho wenyewe haukuwa na mbwembwe: karatasi za manila, kalamu nene, Kiswahili cha kawaida. Hiki ndicho mlichosema. Wengi mnajua kipimo kipo. Hiki ndicho kinachowazuia, kwa maneno yenu, bila jina la mtu. Wanaume walialikwa, wakasimama nyuma kabisa wakijifanya wanatengeneza pikipiki, mpaka mzee mmoja akauliza kama na wao wanabeba hicho kirusi. Wanabeba, na kinaweza kuwaletea saratani pia. Mwingine akauliza ile ya siku zote, kwamba chanjo inafunga uzazi wa mabinti. Muuguzi akamjibu: chanjo inazuia kirusi, haigusi kizazi, na mwenye wasiwasi na kizazi cha binti yake aogope zaidi saratani, kwa maana hiyo ndiyo inayokiondoa.

Siku ya kliniki iliyofuata, kina mama wakajaza Noah mbili. Wale wa kwaya moja na muuguzi waliomba wapimwe na muuguzi wa kutoka kituo kingine, na ikawezekana. Kumbe ilikuwa ni kuomba tu.

Majibu ya yule mama wa ndizi yalichukua wiki kadhaa, binti akiwa amesharudi chuoni. Wifi ndiye aliyetuma sauti kwa WhatsApp. Ni saratani, lakini iko hatua za mwanzo. Akapelekwa Moshi, KCMC, akafanyiwa upasuaji, kizazi kikaondolewa. Siku hizi anakwenda sokoni Jumatano tu, Jumamosi anapumzika, na ana tarehe za kurudi kuangaliwa ambazo mume ameziandika ukutani kwa mkaa.

Ulipofika wakati wa kuandika barua ya maombi ya udaktari, binti alijua habari ya mama huyo ingeibeba barua. Akapiga simu King'ori kuomba. Mama akafikiri kidogo. "Andika. Jina langu usiweke. Ila useme mume wangu alikuja hospitali."

Kuingia chuo cha udaktari hakuna uhakika, wengi wenye alama nzuri wanakosa. Lakini deni lake lina uhakika. Siku ya mwisho ya mrejesho, katibu wa VICOBA alifungua daftari la mikopo, akaandika jina la binti kwenye mstari wake kama mwanachama yeyote. Kwenye safu ya kiasi, badala ya shilingi, akaandika: majibu yaliyokamilika, kwa Kiswahili. Kwenye safu ya tarehe ya kurejesha akaandika Julai. Bibi akadai asomewe kwa sauti kwanza, ndipo akatikisa kichwa kukubali.

Na wewe dada unayesoma hapa, kama uko kati ya miaka 30 na 50, kipimo ni cha dakika chache na kwenye vituo vingi vya serikali hakilipiwi. Ukiwa unaishi na VVU, usisubiri umri huo, kaulize kliniki kwako. Kama unatoka damu baada ya tendo, au hedhi ilishakoma na damu imerudi, usiiweke barua kwenye Biblia. Kama mume ndiye kikwazo, fikiria ni nani kwenye ukoo wake anayeogopwa.

Umepima lini mara ya mwisho? Na kama hujapima, kwako hiyo "mengine" ni nini?